Siku tatu Kigoma na familia: vitenge, dagaa na mawese vinunuliwe lini na wapi

*"Habari za kazi. Tunaishi Isevya, Tabora, na mwezi ujao tunakwenda Kigoma kwa mara ya kwanza: mimi, mume wangu, mama mkwe mwenye maumivu ya magoti, na watoto watatu wa miaka 13, 9 na 4. Tutakaa siku tatu. Nataka vitenge vya sare ya familia kwa ajili ya harusi ya shemeji, halafu dagaa na mawese ya kutumia kama miezi miwili. Nimeambiwa kila kitu kule ni nusu ya bei kwa sababu kinatoka Kongo, kwamba mawese yanayoganda yamechanganywa, na kwamba ukishuka treni maduka yote yapo hapohapo. Jirani anasema bora tuvuke kabisa Kongo kwa siku moja. Ninaogopa kupigwa bei kwa ugeni, vitu kuharibika njiani na mtoto kupotea sokoni. Tuanzie wapi, na nikipenda kuleta mzigo wa kuuza nifanyeje?"*

Dada, karibu. Hofu zako tatu zina msingi, lakini kinachowagharimu wageni wengi Kigoma ni mpangilio wa siku. Watu hununua dagaa siku ya kwanza, wanalala nao gesti siku mbili, kisha wanakimbizana na vitenge saa mbili kabla ya safari. Hapo ndipo bei inapopaa. Muuzaji hahitaji kujua kwamba unatoka Tabora. Akikuona unaangalia saa, inamtosha. Kwa hiyo vitenge siku ya kwanza na ya pili, vyenye harufu na mafuta siku ya mwisho. Mengine yote yanafuata hapo.

Niondoe kwanza habari ya nusu bei. Kuna vitu ambavyo ni nafuu kweli kwa sababu vinatoka hapohapo: dagaa, migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) na mawese. Vitenge ni habari nyingine. Kigoma ina sifa ya vitenge kwa sababu ya uchaguzi mpana na biashara ya muda mrefu na ng'ambo ya ziwa, ila vingi vimetengenezwa Asia, na kilichoshushwa bandari ya Dar es Salaam kimepita Tabora yenu kikienda huko! Unafuu utaupata kwenye aina na kwenye kununua pisi kadhaa kwa mpigo. Kabla ya kuondoka, pita sokoni kwenu uulize bei ya pisi moja ya waksi (kitenge cha nta), kilo ya dagaa na lita ya mawese, uandike kwenye simu. Bila hizo namba tatu hutajua kama umeuziwa au umelanguliwa.

Kuvuka Kongo mfute kabisa. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50, boti haziendi kwa ratiba ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, kila mmoja wenu atahitaji hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bidhaa mtakazorudi nazo zitapita forodhani. Kwa sare ya harusi moja haina hesabu.

Kuhusu maduka kuwa stesheni: hilo ni nusu ya kweli. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na jengo la stesheni liko chini kabisa, karibu na ziwa. Kutoka hapo Barabara ya Lumumba inapanda kilima, ikiwa na maduka, benki na wakala wa simu pande zote. Ukiendelea kupanda unafika Mwanga, na huko ndiko wenyeji wengi wanakofanyia manunuzi ya rejareja, kwa sababu soko na maduka ya nguo yamebanana. Mbele zaidi, kama kilomita 8 kutoka mjini, ni Ujiji, mji mkongwe wenye soko lake. Na kaskazini ya mji, kando ya maji, ni Kibirizi, zinakofika boti za vijiji vya ziwani na dagaa. Sehemu nne hizo hazitembeleki kwa mguu na mama mwenye magoti mabovu. Kilima cha Lumumba peke yake kitamaliza siku yake. Kati ya mjini, Mwanga na Ujiji kuna daladala, lakini kwa watu sita wenye mizigo mtapendelea bajaji mbili. Patana nauli kabla hamjakaa, na utaje kwamba ni ya bajaji nzima, si ya kichwa.

Kwenye treni, ulizia daraja la pili kulala. Chumba kimoja kina vitanda sita na nyinyi mko sita, kwa hiyo kateni chumba chote. Ukikata tiketi mojamoja, wanaume na wanawake hutenganishwa, na mume wako atalala na wageni huku wewe ukibaki na watoto na mzigo. Tiketi za vitanda huwahi kuisha, ziulize stesheni ya Tabora mapema, pamoja na siku za treni ya kurudi, maana haisafiri kila siku. Siku ya treni ya kurudi ndiyo itakayopanga siku yako ya dagaa.

Sasa vitenge, maana hapa ndipo pesa yako nyingi itakapokwenda. Pisi ya kawaida ni yadi 6, yaani mita 5 na sentimita 49, na upana wa kama sentimita 115 hadi 120. Kwa mishono ya kawaida, piga hivi: wewe gauni, yadi 4, mama mkwe gauni na kilemba, 4, baba shati la mikono mifupi, 3, binti wa miaka 13, gauni, 3, wa miaka 9, shati, 2, mdogo, moja na nusu. Jumla yadi 17 na nusu, na pisi tatu zina yadi 18. Zigawe hivi: pisi ya kwanza wewe na wa miaka 9, ya pili mama mkwe na mdogo, ya tatu baba na binti. Inatosha, lakini haina nafasi ya kukosea. Ukichagua kitenge chenye maua makubwa ambayo fundi atataka yakutane kifuani, ongeza pisi ya nne, kwa sababu kulinganisha maua kunakula kitambaa. Kama shono lako lina marinda au mikono mipana, muulize fundi wako kabla ya kusafiri.

Kwa hesabu hiyo, pisi iliyopungua nusu yadi inaharibu kila kitu, na pisi pungufu zipo. Kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri na kufungwa karatasi, macho hayawezi kujua. Nenda na futikamba ya fundi ya sentimita 150. Mwombe muuzaji akifungue, upime ukingoni bila kukivuta: futikamba iingie mara tatu kamili, na kibaki kipande cha karibu mita moja. Muuzaji wa kweli hakasiriki kwa hilo. Akigoma kufungua, duka la jirani lipo.

Kisha geuza upande wa pili. Waksi halisi hutiwa nta pande zote mbili kabla ya rangi, kwa hiyo mbele na nyuma vinang'aa karibu sawa, na utaona vijistari vyembamba vya rangi kama mishipa, mahali nta ilipopasuka. Cha kuchapwa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Cha kuchapwa si kibaya, kwa watoto ambao watakua kabla ya harusi nyingine kinatosha kabisa, ila kisiuzwe kwa bei ya waksi. Lebo na maandishi ya ukingoni usivitegemee, vinaigwa kirahisi kuliko rangi. Angalia na nyuzi: dondosha tone la maji, pamba hulinyonya, poliesta huliacha likiteleza juu. Ukitaka uhakika, omba uzi mmoja wa pembeni, uende nao nje ukauchome. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu cheusi. Mwisho lowesha leso nyeupe uisugue kwenye rangi nyekundu au bluu nzito. Leso ikibadilika sana, sare itachafua mashati ya ndani siku nzima ya harusi. Na wale wanaokwambia uloweke kwenye chumvi ili rangi ishike, chumvi haifungi rangi iliyokwisha kuchapwa. Kiloweke peke yake kwenye maji baridi, ukianike kivulini, ndipo kiende kwa fundi. Kama kitasinyaa, kisinyae kabla ya mkasi.

Sare inataka pisi zote zitoke balo moja. Mchoro uleule ukitiwa rangi siku tofauti hutoka tofauti kidogo, na taa ya dukani inaficha. Zitoe nje mlangoni, ziweke bega kwa bega juani. Hii ndiyo sababu nyingine ya kununua zote tatu kwa mpigo duka moja, hata kama duka la pili linapunguza kidogo kwenye pisi moja.

Kuhusu kupatana: siku ya kwanza nendeni Mwanga, ulizeni maduka matatu au manne, msinunue. Shikamoo kwanza, au habari za kazi, halafu taja idadi tangu mwanzo, "nataka pisi tatu za aina moja, bei ya mwisho unaniwekea ngapi?" Muuzaji anapiga hesabu ya mteja wa pisi tatu tofauti na wa moja. Anayekudaka barabarani na kukupeleka "kwa ndugu yake" ni dalali, na ujira wake umo ndani ya bei yako. Mshukuru tu, uendelee na njia. Ukishalipa, chukua risiti ya mashine ya EFD, uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Barabarani na stesheni mizigo hukaguliwa, na vitenge vya Kigoma vinaangaliwa kwa sababu vingine huingia nchini kwa njia za panya. Pisi tatu zenye risiti hazina maswali. Siku ya Ijumaa kumbuka maduka mengi, hasa Ujiji, hufungwa kwa muda wakati wa swala ya mchana.

Kwa dagaa, kabla hujapanga tarehe tazama mwezi angani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unavuta vijidudu vya majini juu, dagaa wanafuata, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haina nguvu, samaki wanatawanyika na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Shehena inapungua na bei inapanda, hata umjue nani. Ukiweza, fika mwezi ukiwa mchanga au umeshafifia. La pili ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili hivi dagaa hukauka kwa shida, wengine hukaa unyevuunyevu wakawa wa kahawia. La tatu, uliza kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na katika kipindi kama hicho utakuta dagaa wa akiba tu.

Kibirizi nendeni asubuhi ya siku ya kuondoka au, ikishindikana, jioni ya kabla yake, na aende mtu mzima mmoja. Chukua dagaa kiganjani ukunje: aliyekauka anavunjika kwa mlio, asiyekauka anapinda kama uzi. Rangi iwe ya fedha. Mgongo wa njano au kahawia maana yake mafuta ya samaki yameanza kuchacha, na hakuna kukaanga kutakakoondoa ule uchungu. Halafu mchanga. Wanaoanikwa chini ufukweni hubeba mchanga, wa kwenye vichanja huwa safi na bei yao iko juu kidogo. Tia kiganja kimoja kwenye kikombe cha maji, koroga, subiri dakika mbili, uangalie chini. Lipa ile tofauti ya kichanja. Vinginevyo unanunua mchanga kwa bei ya kitoweo.

Wauzaji wengi hupima kwa sado au ndoo. Dagaa wakubwa huacha hewa katikati, na mkono mzoefu unawamimina kwa kuwapepesua ili wajaze haraka, kwa hiyo sado mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana sana uzito. Omba mzani ulinganishe kwa kilo. Wafungashe kwenye kiroba kinachopitisha hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo nenda na vyako. Kwa ajili ya harufu kwenye treni, kiroba kiingie kwenye ndoo yenye mfuniko, na mkifika nyumbani watoeni siku hiyohiyo muwaanike tena saa chache juani. Wakibaki kwenye ndoo iliyofungwa wiki nzima, jasho lao litaleta ukungu. Migebuka ya kukaushwa kwa moshi nayo inasafiri vizuri. Mibichi iacheni mle hukohuko, kwa ugali wa muhogo.

Mawese kuganda ni tabia yake. Sehemu ya mafuta hayo ni nzito na hushika baridi ya asubuhi, chini yakawa kama uji wa njano na juu yakabaki mekundu. Ukiyapasha moto yanaungana tena. Cha kuogopa ni maji. Chota kijiko, kiweke juu ya moto: yakipasuka na kuruka, yana maji, na hayo hayatafika miezi miwili. Yanuse pia, na uonje tone. Yakikwaruza koo, ngazi (matunda ya mchikichi) zilikaa muda mrefu zikachacha kabla ya kukamuliwa. Kwa familia yenu madumu mawili ya lita 5 ni rahisi kubeba kuliko moja la lita 20, ambalo lina uzito wa kilo 18 hivi. Nendeni na madumu yenu yaliyokauka kabisa, kwani dumu la mtaani huenda lilibeba dizeli au dawa ya shamba. Acha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu mafuta hutanuka kwa joto, weka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga kizibo, na yasafiri yamesimama. Asali msinunue Kigoma, dada. Mnatoka Tabora, pelekeni nyinyi.

Mtoto kupotea sokoni ni hatari mnayoweza kuipunguza sana kwa kutokwenda naye. Gawaneni wewe na mume wako: mmoja sokoni, mwingine abaki na mama na watoto. Siku ya Ujiji ndiyo ya familia nzima, kwa sababu kuna makumbusho mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, na wa miaka 13 amekwisha kusoma habari hizo shuleni, huku bibi akipata kivuli cha miembe. Pale mnapopita sokoni wote, mwandikie mdogo namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na mkubaliane na wakubwa mahali pa kusimama mkipoteana, pasiposogea: mlango wa benki, si "pale kwenye bajaji".

Watoto watataka kuogelea. Kibirizi hapana: kuna boti, mafuta na taka za mwalo. Kwingine epukeni maji yaliyotulia yenye matete, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa humo na vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta taulo baadaye si kinga ya uhakika. Waulizeni wenyeji wa ufukwe husika kuhusu mamba kabla hata ya kulowesha miguu. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na hiyo ni pamoja na ya kusukutua mtoto wa miaka 4. Chandarua mnajua umuhimu wake, Tabora nako mbu hawachezi.

Mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya mchele, mpeni chumvichumvi za ORS na muondoke muda huohuo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, msisubiri asubuhi, maana kipindupindu humkausha mtoto ndani ya saa chache. Homa yoyote ndani ya wiki mbili tatu baada ya kurudi, pimeni malaria kabla ya kununua dawa. Mtoto akikojoa damu au kuumwa tumbo wiki kadhaa baadaye, mwambieni daktari kwamba aliogelea Ziwa Tanganyika. Bila taarifa hiyo anaweza asifikirie kichocho. Mama naye apate ushauri wa daktari wake kuhusu magoti kabla ya safari, usiku mzima kwenye kitanda cha treni si mdogo kwake.

Kuhusu mzigo wa kuuza: kitoweo cha nyumbani kina taratibu zake, magunia yana zake. Ukianza kununua dagaa kwa magunia, kabla hujalipa nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri ukaulize kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi na ushuru wake, kwa sababu kizuizini njiani hakuna wa kukuandikia. Kwa vitenge vya mabalo, nenda ofisi ya TRA ya Tabora ukiwa bado nyumbani, wakueleze leseni, namba ya mlipakodi na nyaraka zinazotakiwa kuandamana na mzigo. Safari hii ya harusi itumie kuuliza bei za jumla na kuchukua namba za simu za wauzaji wawili watatu waliokubali pisi zao zifunguliwe na kupimwa.